Chupa Iliyopita Mezani kwa Mama Mkanda

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkanda, na aliyempa jina hilo ni jirani yao mmoja, dereva wa lori, mtu wa maneno mengi. Siku hiyo dereva alikuwa anasafiri kwa ndege, mara yake ya kwanza, na alipomwona jirani yake langoni amevaa sare ya ukaguzi, akajua mambo yake yamenyooka. Akataka kupita kifua mbele. Mama Mkanda akamwambia avue mkanda auweke kwenye trei kama watu wengine. Akavua, suruali ikamshuka mbele ya mashemeji zake, na aliporudi safari ni yeye mwenyewe aliyeisimulia habari hiyo kila kibaraza, huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. Jina likaganda.

Watoto wa kuzaa hakujaliwa. Mume alikuwa naye zamani, akaondoka na mambo yake, na tusipoteze muda kumtaja. Aliyekuwa naye ni mdogo wake, binti aliyekuwa kitinda mimba wa mama yao, ambaye mama alifariki akamwacha angali ananyonya. Mama Mkanda ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka akawa muuguzi. Mdogo mtu alimwita dada siku zote, lakini akishikwa na homa alimwita mama, na hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Kazini Mama Mkanda hakuwa na mchezo. Alikaa mbele ya skrini ya mashine, mabegi yanapita kwenye mkanda, yeye anayasoma. Chuma kinatoka buluu. Nguo, chakula, sabuni, unga, vyote vinatoka rangi ya machungwa. Kitu kizito ambacho miale haikipenyi kinatoka cheusi, na hapo ndipo begi linapofunguliwa. Abiria hawakumpenda, na ukitaka ukweli, naye hakuwapenda sana. Utamkuta mtu mzima na tai yake shingoni anasema kwa mzaha kwamba kabeba bomu, halafu akiwekwa pembeni na ndege ikaondoka, anashangaa. Anashangaa nini? Mwingine kaacha begi katikati ya ukumbi, kaenda zake msalani, akirudi anakuta watu wameondolewa na askari wamelizingira, anaanza kufoka kwamba hilo ni begi lake tu, lina mashati. Atajuaje kama bado ni mashati, na yeye hakuwepo?

Kwa hiyo alikuwa na maneno yake, na aliyasema kutwa nzima bila kuchoka. Begi lako lifunge mwenyewe. Usiliache hata kwa dakika ya kunywa maji. Pawabenki kaa nayo mkononi, usiitie kwenye mzigo wa chini, maana ikishika moto huko hakuna wa kuiona. Na mzigo wa mtu usiubebe, awe shangazi, awe mama mkwe, awe bosi wako. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya juu kuliko mengine.

Sasa sikiliza lililotokea nyumbani kwa mwanamke huyohuyo.

Jirani mmoja alinyang'anywa mkasi wake wa kushonea langoni, akarudi na kinyongo. Safari iliyofuata alimletea Mama Mkanda begi lake nyumbani siku moja kabla, amwangalizie. Mama Mkanda akalifungua juu ya meza ya jikoni, akatoa kisu cha kumenyea matunda, akahamisha pawabenki, akampangia vizuri, akamwambia nenda. Jirani akapita langoni bila tatizo lolote, akapiga simu kushukuru. Akaja wa pili, akaja na wa tatu. Mwisho ikawa ndiyo desturi ya mtaa ule: mtu akikata tiketi, anapitisha begi lake kwanza kwa Mama Mkanda. Meza ile yenye kitambaa cha plastiki ikawa lango la kwanza, na lile la uwanjani likawa la pili.

Lakini watu hawasafiri na mizigo yao tu. Huwezi kutoka mtaa kama ule usipewe mafuta ya nywele ya shemeji wa fulani, viatu vya mtoto wa fulani, dawa ya mgongo ya baba wa fulani. Ukikataa, utaambiwa una roho mbaya, umeanza kujisikia hata ndege hujapanda. Kwa hiyo vifurushi navyo vikaanza kuletwa mezani. Hapo Mama Mkanda angesema maneno yake ya kila siku: mzigo wa mtu usiubebe. Kwa majirani yakamshinda. Badala yake alifungua, akanusa, akatikisa, akabonyeza kwa kidole, kisha akasema, "Haina neno." Akishasema hivyo, mzigo ulikuwa umeoshwa. Hakuna aliyeuliza tena ni wa nani wala unakwenda kwa nani.

Kosa hilo mtu asiyeijua kazi asingelifanya. Asiyejua angeogopa, angesema mimi sijui, usibebe. Mama Mkanda alijua, na kujua kwake ndiko kulikomponza. Kazini alikuwa na mashine, na wenzake, na mbwa wa kunusa. Nyumbani alikuwa na mikono miwili na sifa za majirani, naye, jamani, sifa zile alizipenda.

Mwaka huo mdogo wake alipata kazi kwenye hospitali ya nchi ya mbali. Furaha ya nyumba ile haielezeki. Mama Mkanda alimwambia kila mtu, mpaka muuza mkaa aliyekuwa amekuja kudai magunia yake. Kwenye semina ya wanaokwenda, waliambiwa kuhusu mshahara, malazi na baridi, kisha wakaambiwa jambo moja kwa sauti ya chini: kule, ukikamatwa na dawa za kulevya, hakuna kujieleza. Wapo waliofungwa maisha, na wapo waliorudishwa kwao ndani ya jeneza. Mdogo mtu alirudi akamsimulia dada yake, na wote wawili wakawasikitikia wajinga wanaojiingiza kwenye mambo hayo.

Mchana wa siku ya kabla ya safari walikuwa jikoni wanapanga begi. Akaingia mshonaji, rafiki wa Mama Mkanda wa siku nyingi, ambaye ndiye aliyemshonea binti gauni la safari. Mkononi alikuwa na chupa ya chai, mpya, inang'aa, ina maua ubavuni. Akasema ni ya mpangaji wake, yule kijana mpole wa chumba cha uani, anamtumia kaka yake anayefanya kazi mji huohuo. Kaka mtu atamsubiri binti uwanjani, amsaidie na mizigo, na hilo lilimfurahisha sana Mama Mkanda, kwamba mtoto hatafika ugenini bila mtu wa kumpokea.

Akaichukua chupa. Akafungua kifuniko, akanusa, akatia maji, akayamwaga, akazungusha kidole mdomoni mwa chupa, akagonga kitako. Ilikuwa nzito kidogo. Akasema moyoni kwamba siku hizi wanatengeneza vitu kwa chuma kibaya. Mshonaji akamtania kwamba angeishi enzi za kale angekagua hata maiti kabla ya kuzikwa, wakacheka wote watatu.

"Haina neno," akasema Mama Mkanda, na mdogo wake akaiviringisha ndani ya lile gauni jipya, akaiweka katikati ya begi isije ikapondeka.

Asubuhi Mama Mkanda alitangulia kazini. Wakaguzi walikuwa na utaratibu wao: ndugu yako akipita, unainuka kwenye kiti, anakaa mwingine. Basi alipomwona mdogo wake anaingia na begi lake, amevaa koti alilonunuliwa kwa ajili ya baridi, akamwarifu mkuu wa zamu, akainuka. Kiti akakikalia mwenzake, mwanamke mchangamfu ambaye alikuwa amekula kwa Mama Mkanda mara nyingi na kumjua binti tangu akiwa na sare za shule. Mama Mkanda akasimama nyuma yake. Hakuwa na kazi pale zaidi ya kumtazama mtoto wake akienda.

Mwenzake akamuuliza binti maswali ya kawaida, nusu kazi nusu utani. Begi umelifunga mwenyewe? Ndiyo. Kuna mtu amekupa kitu umpelekee mtu? Binti akajibu hapana, tena bila kupepesa macho. Na ajabu ni kwamba jibu hilo lilimpita hata Mama Mkanda. Yeye naye hakuikumbuka chupa kama mzigo wa mtu. Ilikuwa imepita mezani kwake, basi ilikuwa yao.

Begi likaingia kwenye mashine.

Chupa nzuri ya chai ina kuta mbili, na katikati yake hakuna kitu. Kwenye skrini utaona mistari ya kuta na weupe kati yake. Mama Mkanda alikuwa ameona chupa nyingi mno, macho yake yalijua kabla ya akili. Kwenye hii weupe haukuwepo. Palikuwa na rangi ya machungwa, imeshindiliwa kutoka juu mpaka chini, na kitakoni imekaza zaidi.

"Huyu si wetu huyu," mwenzake alikuwa anasema huku anatabasamu, kidole kikielekea kwenye kitufe cha kupitisha. "Apite zake."

Mama Mkanda aliogopa. Akili ikaanza kukimbia huku na huko. Akinyamaza, begi litapita, ndege itaruka, na mdogo wake atateremka upande wa pili, kwenye mashine nyingine na mbwa wengine na watu wasiomjua. Akisema, atamtia mdogo wake mikononi mwa askari kwa mdomo wake mwenyewe. Ikamjia na njia ya tatu, na hiyo ndiyo iliyomvuta kuliko zote: acheke, aseme, mdogo wangu chupa hiyo niachie mimi, kisha aitupe pipani, na hakuna atakayejua. Karibu afanye hivyo. Lakini aliyeijaza chupa ile alikuwa bado kwenye chumba cha uani, na angeleta nyingine, kwa mtoto wa mtu mwingine, na yule mtoto naye angepelekwa kwanza kwenye meza yake. Wazo hilo ndilo lililomvunja.

"Rudisha mkanda," akasema.

Mwenzake akadhani hakusikia vizuri. Mama Mkanda akarudia, na safari hii sauti yake ilitoka ile ya kazini, na mwenzake akarudisha. Begi likatolewa, likawekwa mezani, gauni likafunguliwa. Mtu wa karakana akaja na bisibisi, akabandua kitako cha chupa. Pakiti zilikuwa ndani ya ukuta, nyembamba, zimepangwa kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Binti alizitazama kama mtu anayeoneshwa kitu cha mtu mwingine. Kisha akaelewa, akashika ukingo wa meza.

Mkuu wa zamu alifika na askari. Alikuwa mzee wa kazi, ameanza pale pamoja na Mama Mkanda, amebakiza muda mfupi astaafu. Askari akamuuliza binti kwa nini alisema hakupewa kitu na mtu. Binti alijibu huku amemgeukia dada yake, si askari.

"Sikusema uongo. Dada, si uliikagua? Si ulisema haina neno?"

Watu wote waliokuwa pale wakamtazama Mama Mkanda. Abiria walikuwa wameshasimamishwa mbali, na hakuna aliyekuwa akinung'unika. Askari alikuwa ameshatoa pingu, bado hajajua za nani.

Mkuu wa zamu akamsogelea. Alimpenda kama dada yake, na alijua sheria ya kazi yao inasema nini juu ya mkaguzi anayepitisha mizigo nyumbani kwake. Akasema polepole, akimtazama usoni, kila neno analiacha lifike.

"Mama, fikiri kabla hujanijibu. Msichana amechanganyikiwa, anaweza kusema lolote. Wewe chupa hii uliwahi kuiona kabla ya leo?"

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja lingetosha. Mshonaji angekana, mpangaji angetoroka, na binti angebaki na uongo wake peke yake na chupa yake peke yake. Mama Mkanda alimtazama mdogo wake aliyevaa koti la baridi kwenye ukumbi ule wa joto.

"Niliiona," akasema. "Ililetwa kwangu jana. Niliifungua kwa mikono hii, nikainusa, nikasema haina neno. Yeye alibeba kwa sababu mimi nilisema. Muulizeni mshonaji, alikuwepo."

Mkuu wa zamu akafumba macho kidogo. Kisha akanyoosha mkono, na Mama Mkanda akavua kitambulisho shingoni, akampa.

Mshonaji aliletwa analia tangu kwenye gari, akasema yaleyale waliyosema wawili wale. Mpangaji alidakwa stendi akiwa na tiketi ya basi. Maneno ya watu watatu yalipolingana, binti akaachiwa, lakini ndege ilikuwa imeshaondoka, na hospitali ya kule ikampa nafasi mtu mwingine. Mama Mkanda hakuachiwa. Mpelelezi, mwanamume asiyeinua sauti, alitaka kujua habari za meza. Ilianza lini? Nani aliyemtuma? Mama Mkanda akamwambia hakutumwa na mtu, ni majirani tu, na hakupokea kitu chochote zaidi ya asante. Mpelelezi akaandika. Kisha akauliza swali ambalo Mama Mkanda hakulitegemea.

"Vifurushi vya namna hiyo, vilivyopita kwako, vilikuwa vingapi?"

Akajaribu kuvihesabu. Viatu, sabuni, makopo ya mafuta, mito ya watoto, midoli. Kwa vyote alisema haina neno. Hakuwa na namna ya kujua hata kimoja kilikuwa na nini ndani. Akarudishwa mahabusu, akakaa kwenye benchi, akaanza kuwapitia mmoja mmoja wale walioondoka na baraka zake. Yule alirudi. Yule hupiga simu kila wiki. Yule alileta picha za mtoto. Akafika kwa binti wa fundi viatu, aliyekwenda kufanya kazi za ndani nchi ileile, mwaka jana, akibeba makopo mawili ya mafuta ya nywele ya mtu ambaye Mama Mkanda hakumjua. Alipiga simu akiwa njiani, hajafika bado, na tangu hapo hakusikika. Mtaani walisema amepata maisha, ametusahau. Mama Mkanda naye alisema hivyohivyo, kwa kinywa chake, tena mbele ya baba mtu.

Siku mdogo wake aliporuhusiwa kumwona, walikaa benchi moja, askari amesimama mlangoni. Binti alikuwa amekonda usoni. Akasema bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Dada, ungenyamaza ningepita."

"Ungepita hapa," Mama Mkanda akamwambia. "Kule ungefika peke yako."

Binti akainamisha kichwa, akamlalia mapajani kama alivyokuwa akifanya siku za homa, na Mama Mkanda akampapasa nywele. Alikuwa na jambo la kumtuma, na alilitafutia pa kuanzia kwa muda mrefu. Mwisho akasema tu. Alimwomba aende kwa fundi viatu. Asimweleze mengi. Amuulize kama binti yake amepiga simu tangu aondoke, na kama hajapiga, amwambie aende akaulize kwenye ofisi zinazohusika, asingoje tena, asiwasikilize watu wa mtaa.

Binti hakuinua kichwa.

"Ameshasikia habari ya chupa," akasema. "Mtaa mzima umesikia. Alikuja nyumbani asubuhi, akasimama pale jikoni akiitazama meza. Akaniuliza yale makopo ulinusa tu au ulifika mpaka chini. Nikamwambia mimi sijui, aje akuulize mwenyewe. Yuko hapo nje, dada. Tumekuja wote."

Mama Mkanda akaondoa mkono kwenye nywele za mdogo wake. Kisha akamwinua taratibu, akajifuta uso kwa kiganja, akamwomba askari amwite fundi viatu aingie.